Kahawa Iuzwayo Ingali Maua



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi vya kahawa, jambo moja hujitokeza mara kwa mara. Mkulima ana mibuni iliyopaliliwa vizuri, lakini katika leja ya chama jina lake halina hata kilo moja. Kahawa imekwisha kuuzwa ingali maua. Mara nyingi aliyeuza ni kijana wa nyumba hiyo, na fedha zimeishia madukani Tunduma kwa simu ya bei kubwa au malipo ya kwanza ya pikipiki.

Mtindo huu si wa Mbozi peke yake. Kagera huitwa butura. Katika korosho za Kusini upo unaofanana nao, kangomba. Yafaa tuelewe unavyofanya kazi. Kahawa ya arabika huchukua takriban miezi 8 hadi 9 tangu ua hadi tunda bivu. Katika miezi hiyo mkulima hana mapato, lakini mahitaji hayapungui. Mlanguzi hulijua jambo hilo, naye huja na fedha taslimu mkononi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kijana anapokea shilingi 200,000 mwezi Januari kwa ahadi ya kilo 100. Msimu ukifika, tuseme chama kinalipa shilingi 5,000 kwa kilo. Kahawa ile ingempa shilingi 500,000. Basi amelipa shilingi 300,000 ili atumie shilingi 200,000 kwa nusu mwaka. Akitajiwa riba kama hiyo na benki, angetoka mbio. Kwa kuwa imefichwa ndani ya kilo, haioni.

Hasara haiishii kwake. Ikiwa familia ilichukua mbolea kwa mkopo wa chama, deni hilo hukatwa katika mauzo. Kahawa ikipita pembeni, hakuna cha kukatwa, na deni linabaki mabegani mwa wanachama waliouza kwa uaminifu.

Hatusemi kwamba pikipiki ni adui. Pikipiki yenye kazi ni chombo, na simu hupokea malipo. Swali ni moja: kitu hiki kitaniletea nini msimu ujao? Mche wa kahawa uliopandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, na ukitunzwa huzaa kwa miongo kadhaa. Simu ya leo, baada ya miaka hiyo 3, huenda imekwisha kutupwa.

Tukumbuke pia mahali tulipo. Barabara kuu ya Zambia inapita Tunduma, na reli ya TAZARA tangu miaka ya 1970. Kijana huona kila siku malori yaliyosheheni yakielekea Nakonde na kwingineko. Macho hayana pazia. Lakini mali ipitayo mlangoni si mali iliyomo nyumbani. Ya kwetu imo shambani.

Hata hivyo, lawama zote tusiwatwike vijana. Wengi wao hulima, hupalilia na kuchuma, lakini hawana mti hata mmoja kwa jina lao. Fedha ikija, ni ya baba. Asiye na sehemu yake halali hushawishika kuiuza ya mwenzake usiku. Na chama kinachochelewesha malipo humsukuma mwanachama wake mwenyewe kwa mlanguzi.

Kwa hiyo kila chama kiyazingatie haya. Kwanza, wazazi wawagawie vijana wao miti, nao wenye sifa waandikishwe uanachama na waruhusiwe kulipa hisa kidogo kidogo, kadiri masharti ya chama yanavyoruhusu. Pili, akiba na mikopo iimarishwe ili wakati wa ukata pawepo pa kukimbilia penye riba inayojulikana. Tatu, kamati ifanye makisio ya mavuno ya kila mwanachama mapema, na ihoji tofauti kubwa kabla ya msimu kwisha. Nne, malipo yatolewe kwa wakati, na hesabu zisomwe hadharani, vijana wakiwapo.

Katika mkutano mkuu ujao, kila mjumbe aulize: katika daftari letu la wanachama, vijana ni wangapi? Chama kisichoweza kujibu kisishangae kahawa yake ikiuzwa maua.