Kambi Zimefungwa, Uwanja Umebaki: Wamama wa Mugunga Tuseme Mapema



Kila asubuhi tunapotoka na mabidoni au na biashara zetu kichwani, tunapita kando ya viwanja vya kambi kwenye barabara ya Goma–Sake. Tangu mwezi wa pili 2025, wakimbizi wa ndani walipopewa siku chache za kuondoka, mabashe hayapo tena. Yamebaki mawe meusi yaliyopangwa kuwa misingi ya vibanda, mashimo ya vyoo, na majivu ya majiko. Watoto wetu wamekwisha kupafanya mahali pa kucheza mpira. Na watu wazima wameanza kupima kwa hatua.

Ndiyo maana tunaandika leo. Uwanja mkubwa hivi, kando ya barabara kubwa na karibu na njia za kushukia ziwani, hautakaa wazi muda mrefu. Tusipouliza sasa, tutakuja kuuliza ukuta ukiwa umekwisha kusimama.

Sisi tunaoishi hapa tumeyaona. Mwaka 1994 Mugunga ilikuwa moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani, hadi walipoondoka mwezi wa kumi na moja 1996. Vita vilivyofuata vilileta Mugunga I, II na III, na hiyo ya tatu nayo ikafungwa. Kila mara watu wanaondoka kwa haraka, na hakuna anayeketi na wamama kuuliza: mahali hapa pafanywe nini?

Ardhi ni ya nani?

Kambi kufungwa hakuifanyi ardhi kuwa ya anayefika kwanza. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Hati inayothibitisha haki hiyo kikamilifu ni seti ya kuandikishwa, ile tunayoiita «certificat». Karatasi ya kuuziana yenye sahihi za mashahidi peke yake haitoshi. Mama anayetoa akiba yake ya likelemba kununua parseli hapo, aulize kwanza ofisi ya ardhi kama parseli hiyo inajulikana, na kwa jina la nani.

Tukumbushane pia: tangu sheria ya 2016 ilipobadilisha Kanuni ya Familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mkataba. Jina lako linaweza kuandikwa kwenye hati. Na kama Serikali inataka ardhi ya mtu kwa faida ya wote, Katiba, kipengele cha 34, inadai malipo ya haki, tena yatolewe kabla.

Chini kuna nini?

Hapa hatutanii. Mugunga ni nchi ya mazuku. Hewa hiyo inatoka ardhini, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajikusanya mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Mtoto anayecheza chini anaipata kabla ya mtu mzima. Mkiona majani yamekauka mahali pamoja tu, au ndege na wadudu wamekufa shimoni, mwondoeni mtoto mbali. Na mtu akianguka humo, usiruke kumfuata: wengi wamekufa wakitaka kuokoa. Ita watu, avutwe kwa kamba au kwa mti mrefu.

Kabla nyumba, shule au soko halijajengwa, wataalamu wa OVG, wale wanaochunguza volkano, wapime mahali hapo. Mashimo ya vyoo nayo yafukiwe vizuri na yatiwe alama. Nyumba ikijengwa juu ya choo kilichofunikwa kwa udongo kidogo, sakafu itashuka siku moja na watoto wamelala.

Wenzetu wa Dar es Salaam walijifunza kwa gharama. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, karakana yake iliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Mahali pazuri kwa barabara, lakini ni njia ya maji. Mvua kubwa zikinyesha, maji yanaingia. Baadaye ikabidi kupanga kuihamisha na kufanya bonde kuwa bustani. Udongo una tabia yake. Barabara nzuri haiibadilishi.

Njia itapita wapi?

Njia ya miguu ya kwenda ziwani haina hati, lakini ndiyo inayoleta maji nyumbani. Parseli zikiuzwa zikipakana bila nafasi, tutazunguka mbali na bidoni ya lita ishirini mgongoni. Tunaomba njia ibaki wazi, yenye upana wa kupitisha chukudu na watu wanaombeba mgonjwa. Tunaomba pia mahali pa basi na moto kusimama nje ya barabara, na soko lililo mbali kidogo na malori, kwa sababu leo tunauza nyanya huku magurudumu yakipita karibu na miguu yetu.

Tufanye nini wiki hii?

Kila kikundi kichague wamama wawili. Watembee uwanjani mchana, si asubuhi mapema, waandike njia zinazotumika, vyoo vilivyo wazi, na mahali wazee wanapojua kuna mazuku. Wasisahau makaburi: kuna mama aliyeondoka hapa akaacha mtoto wake chini ya mawe hayo, na siku moja atarudi kumtafuta. Tutaunganisha karatasi zote na kuzipeleka kwa shefu wa kartye kwa jina la wote, si la mtu mmoja.

Na jioni hii, kabla ya ugali, tuwaambie watoto: mpira ukiingia shimoni, uacheni.