Mimba ya Kwanza na Ile Inayofuata

Leo tutasoma habari za wasichana wanaoshika mimba wangali wadogo, pamoja na vijana waliowapa mimba hizo. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Tanzania, kati ya wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, wasichana 22 wamekwisha kushika mimba.

Tuseme msichana wa Mafinga ana miaka 18, na mimba yake ni ya miezi saba. Kijana wake hupasua mbao Sao Hill. Waulize kama wamesikia habari za sindano na vijiti vya kuzuia mimba, watajibu, ndiyo. Majina wanayajua. Lakini kijana ameambiwa na wenzake kuwa sindano huua kizazi, na msichana anadhani dawa hizo ni za walioolewa tu. Sivyo. Mwanamke akiacha sindano, uzazi waweza kukawia miezi kadhaa, kisha hurudi. Kijiti kikitolewa, hurudi upesi. Nazo zahanati za serikali hutoa njia hizi bila malipo, hata kwa asiyeolewa.

Mtauliza: mwenye mimba ana haja gani na dawa ya kuzuia mimba? Hapa ndipo wengi hunaswa. Baada ya kuzaa, mwanamke aweza kushika mimba nyingine kabla hajaona hedhi. Basi anayengojea hedhi amekwisha kuchelewa. Kunyonyesha humkinga, lakini masharti ni matatu, tena yote kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hapewi kitu ila maziwa ya mama, mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Akionjeshwa uji mwezi wa tatu, kinga hiyo haitegemewi tena. Kijiti chaweza kutiwa mkononi mara baada ya kujifungua, wala hakikaushi maziwa. Hukinga miaka 3 au 5, kwa aina yake. Damu yaweza kutoka bila mpango, mwulizeni muuguzi.

Ninyi vijana, mfuateni mwenzenu kliniki mimba ingalipo. Ulizeni pia habari za kondomu, maana Iringa ni mmoja wa mikoa yenye UKIMWI mwingi nchini.

Tangu Novemba 2021, msichana aliyezaa ameruhusiwa kurudi shuleni. Mtoto mmoja bibi aweza kumshika. Wakiwa wawili?

Sasa andikeni katika daftari: masharti matatu ya kunyonyesha ni yapi?