'Halali Marekani', lakini wewe uko Magunga

Umeona zile video za mikebe baridi? Mtu anafungua, anapiga funda, anacheka: hakuna pombe ndani, ni THC tu, na eti ni halali. Kisha kuna msee mtandaoni anadai anaweza kukuletea hadi Magunga. Kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, hebu tuongee.

THC ndiyo kemikali inayolewesha ndani ya bangi. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kilimo cha hempu, yaani bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzani wa mmea uliokauka. Sheria iliwaza shamba, wajanja wakawaza soda. Piga hesabu: asilimia 0.3 ya mkebe wa gramu 350 ni zaidi ya miligramu 1,000. Jimbo la Minnesota, lilipoweka kanuni zake 2022, lilisema miligramu 5 kwa kipimo kimoja, na mnunuzi awe ametimiza miaka 21. Umeona pengo hilo? Novemba 2025 serikali kuu ikapitisha sheria ya kushusha kiwango hadi miligramu 0.4 kwa chombo kizima, na wauzaji wakapewa mwaka mmoja wa kujipanga. Kwa hivyo hata huko kwenyewe, "halali" si neno la kudumu.

Hapa Kenya bangi ni marufuku chini ya sheria ya mihadarati ya 1994. Ukishikwa, usitarajie afisa aanze kukupimia miligramu.

Utasema, basi wahalalishe tu yaishe. Pole pole. Chang'aa ilihalalishwa 2010: mpishi awe na leseni, iuzwe kwa chupa ya glasi yenye lebo, na isiuziwe mtoto wa chini ya miaka 18. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho uliona chang'aa yenye lebo kijijini kwenu? Mama anayepika ili alipe karo hana pesa za kiwanda. Bado anawahepa polisi, na mnywaji bado hajui kilicho kwenye kikombe. Machakos, mwaka 2005, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 40 na kuwapofusha wengine.

Uhalali si maandishi ya mkebe. Ni mtu aliyepima, akaandika ukweli, na anayeweza kushtakiwa akidanganya. Mkebe wa magendo hauna mtu huyo.

Halafu THC ya kunywa inaweza kukawia hata saa nzima. Unadhani haijashika, unaongeza wa pili, kisha yote inapanda pamoja ukiwa juu ya bodaboda kuelekea Nyandiwa. Rafiki yako akizidiwa, mkimbize hospitalini na umwambie daktari alichokunywa. Uhai kwanza, aibu baadaye.

Mwaka 2022 Wajackoyah aliomba kura akiahidi kuhalalisha bangi. Mwingine akija na ahadi kama hiyo, usimuulize tu kama itakuwa halali. Muulize nani ataipima, na kama atafika Magunga.