Moto Hauli Majivu

Hii si hadithi ya paukwa pakawa, vijana wangu. Ilitokea kweli, tarehe 5 Agosti 1949, huko Montana, jimbo la Marekani lenye milima mirefu na misonobari. Inamhusu mtu aliyekuwa anafukuzwa na moto, naye badala ya kuzidisha mbio akasimama, akatoa kiberiti, akawasha moto wa pili.

Wenzake walidhani amerukwa na akili.

Lakini nisiwahi mwisho. Mkisikia zimamoto, najua mnaona gari jekundu, king'ora na mpira wa maji. Sasa msitu ukiwaka juu mlimani ambako hata baiskeli haifiki, gari litapita wapi? Mwaka 1940 Idara ya Misitu ya Marekani ilianza kuwashusha wazimamoto kwa miavuli kutoka kwenye ndege, ili waufikie moto ungali mdogo. Maji waliyokuwa nayo ni ya kunywa tu. Walibeba sepetu, misumeno na chombo kinachoitwa Pulaski, chenye mpini mmoja: upande huu shoka, upande huu jembe. Kazi yao ilikuwa kufyeka na kuparua ardhi kuuzunguka moto mpaka ubaki udongo mtupu. Moto ukifika hapo unakosa cha kula, unakufa.

Wengi wao walikuwa vijana, baadhi wanafunzi wa chuo waliokuwa likizo, wengine wamerudi kutoka Vita Kuu ya Pili. Walifundishwa kuruka, kutua bila kuvunjika miguu, kushuka kwa kamba mwavuli ukinasa juu ya mti, na kutembea porini na mzigo mgongoni. Na tangu kikosi kianze, miaka tisa, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuawa na moto. Mnajua sifa kama hiyo inavyoweza kumlevya mtu.

Siku hiyo joto lilifika nyuzi 36. Ndege ikaondoka mjini Missoula na warukaji 16. Mmoja alichafukwa tumbo kwa jinsi ndege ilivyokuwa inarushwarushwa na upepo, hakuruka, akarudi nayo. Kumi na tano wakaruka mnamo saa 10 jioni kwenye korongo liitwalo Mann Gulch, linaloshuka hadi Mto Missouri. Mizigo nayo ikashushwa kwa miavuli, ila mwavuli wa redio haukufunguka. Redio ikapasukapasuka. Wakawa hawana namna ya kuzungumza na mtu yeyote duniani. Huko chini wakamkuta kijana mmoja mlinzi wa misitu, aliyekuwa anapambana na ule moto peke yake kwa saa kadhaa. Huyo alikuwa mrukaji zamani, akaiacha kazi kwa kuona ni ya hatari mno. Sasa wakawa 16.

Kiongozi wao aliitwa Wagner Dodge, miaka 33, mtu wa maneno machache na mikono mizuri ya kazi. Msimu ule alikuwa amepangiwa shughuli nyingine wakati vijana wanafunzwa, kwa hiyo wengi wao hawakumjua vizuri. Likumbukeni hilo.

Moto ulikuwa unawaka upande wa kusini wa korongo, wao wakiwa upande wa kaskazini. Haukuonekana wa kutisha. Dodge akaamua washuke kuelekea mtoni, ili waushambulie kwa nyuma, na mambo yakiharibika wawe na maji ya kukimbilia. Mpango mzuri kabisa. Ila hakuna aliyejua kwamba huko chini, mbele yao, upepo ulikuwa umekwisha kuzirusha cheche ng'ambo ya korongo. Saa 11:45 jioni Dodge akauona: moto umekata njia ya mtoni, uko mita zisizofika mia mbili, unakuja kwao. Akawageuza vijana, wakaanza kupanda.

Hapa inabidi niwaeleze kwa nini kupanda ni balaa. Siku mama akiwasha jiko, tazameni njiti ya kiberiti. Akiishika kichwa kikiwa juu, moto unashuka taratibu, unasitasita. Akiinamisha kichwa chini, moto unapanda mti wa njiti mara moja, mpaka anautupa asiungue vidole. Mlima ndivyo ulivyo. Ndimi za moto na hewa ya moto huelekea juu, kwa hiyo nyasi zilizo juu ya moto huchomwa na kukaushwa kabla moto wenyewe haujazigusa. Ukifika, zimeshakuwa tayari kuwaka. Binadamu akipanda anapunguza mwendo, moto ukipanda unaongeza. Na mpando wa Mann Gulch, penye ukali wake, uliinuka zaidi ya mita 70 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Juu yake nyasi kavu, ndefu. Wale walionusurika walisimulia kelele ya moto huo.

Dodge akapiga kelele: tupeni vyombo! Baadhi wakatupa. Wengine wakaendelea kukimbia na sepetu mkononi na mzigo mgongoni. Msiwacheke. Mzimamoto anafundishwa siku zote kwamba chombo chake ndiyo kazi yake, akikipoteza amejidhalilisha. Kumwambia akitupe ni kama kumwambia yeye si mzimamoto tena, ni mtu tu anayekimbia. Kijana mmoja, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anatimiza miaka 19, hakuachia sepetu yake. Mwenzake, Walter Rumsey, akaitoa mkononi mwake. Na Rumsey mwenyewe, moto ukiwa nyuma yao, hakuitupa. Aliiegemeza vizuri kwenye msonobari.

Mimi nikifikia hapo huwa nasimama kidogo. Mafunzo yakishaingia mwilini hayatoki kwa amri ya mara moja, hata kama amri hiyo ni ya kuokoa maisha.

Saa 11:55. Juu yao mlima ulikuwa na ukingo wa miamba, mbali kuliko pumzi walizobakiwa nazo. Dodge akapiga hesabu na kuona hawafiki. Ndipo akainama akawasha nyasi zilizokuwa mbele yake. Moto wake mdogo ukashika, ukapanda mlima, ukaacha nyuma yake kiraka cheusi. Akawaita vijana: njooni humu! Hakuna aliyeingia. Hebu jiwekeni mahali pao. Kiongozi usiyemfahamu vizuri anawasha moto katikati ya njia yako ya kutorokea, kisha anakuita uingie ndani yake. Katika mafunzo yao hakuna aliyewahi kuwaambia kuhusu jambo kama hilo. Dodge naye alisema baadaye kwamba hakuwahi kufundishwa, lilimjia tu kichwani kwa kufikiri.

Akavuka ndimi za moto wake mwenyewe, akalowesha leso kwa maji ya kunywa, akaifunika mdomoni na puani, akalala kifudifudi kwenye majivu ya moto. Chini kabisa ndiko kulikobaki hewa kidogo ya kuvuta. Moto mkubwa ukafika, ukapasuka kushoto na kulia, ukapita. Katikati haukuwa na cha kuchoma. Upepo wake ulikuwa na nguvu kiasi cha kumwinua kutoka ardhini zaidi ya mara moja. Mnamo saa 12:10 akasimama, hana jeraha la maana.

Rumsey na Robert Sallee, mdogo wao mwenye miaka 17, walikuwa wamepita pembeni mwa moto wa Dodge, wakapata ufa kwenye ukingo wa miamba, wakajipenyeza na kutokea upande wa pili kwenye mawe yasiyo na nyasi. Wengine 13 walikufa, wawili kati yao siku iliyofuata hospitalini. Yule aliyetimiza miaka 19 siku hiyo alikuwa mmoja wao, na yule mlinzi aliyekuwa ameogopa kazi ya kuruka pia.

Yakafuata maneno. Baba wa marehemu mmoja alidai kuwa moto wa Dodge ndio uliowaunguza vijana. Uchunguzi haukukubaliana naye, na wataalamu waliokuja kupiga hesabu za mwendo wa moto miaka mingi baadaye walikuta kwamba ule moto mkubwa ungewafikia vyovyote vile. Dodge hakuishi kusikia hesabu hizo, alifariki kwa maradhi mwaka 1955. Sallee aliishi mpaka 2014.

Ujanja wake haukuwa mgeni duniani. Wenyeji wa nyanda za nyasi za Amerika waliujua kabla yake, na hata kwetu wafugaji huchoma nyasi mapema kuzunguka makazi ili moto wa kiangazi usiwakute. Kilichokosekana ni mtu wa kuuingiza darasani. Mwaka 1957 Idara ya Misitu ilitoa amri kumi za kupambana na moto, kisha Missoula ikajengewa maabara ya kuchunguza moto unavyotembea. Ndani ya maabara hiyo wataalamu huchoma nyasi na vijiti kwenye meza zinazoinamishwa, wakipima.

Siku hizi mzimamoto wa msituni, kabla hajaanza kuparua, lazima ajue mambo manne: nani analinda na kuutazama moto, tunaongeaje, tunatokea wapi, na mahali salama ni wapi. Mara nyingi mahali salama ni pale palipokwisha kuungua, ndiyo maana wakongwe huwaambia wanafunzi wafanye kazi wakiwa na mguu mmoja kwenye weusi. Hata waliopanda Kilimanjaro Oktoba 2020 kuzima moto, mamia ya watu, wengine wakiupiga kwa matawi, walikuwa na kanuni ileile ya kuiheshimu: hukai juu ya moto unaopanda.

Je, elimu hiyo ilitosha? Julai 1994, kwenye mlima Storm King, Colorado, wazimamoto 14 walikufa moto ulipowakimbiza mlimani, na baadhi yao walikutwa bado wamebeba vyombo. Tangu hapo zoezi la kutupa vyombo limepewa uzito kambini. Mwanafunzi anakimbizwa juu ya kilima na mzigo kamili, kisha anaambiwa autupe akimbie tena, ahisi mwenyewe tofauti ya mwendo. Baada ya hapo anafundishwa kufungua hema dogo la kung'aa linalorudisha joto, analala chini kifudifudi na kujifunika, uso ukigusa udongo, huku wenzake wakilitikisa kwa nguvu kama upepo wa moto. Wakufunzi wazuri humwambia waziwazi kwamba wanatarajia astaafu bila kulifungua hema hilo hata mara moja kwenye moto wa kweli.