Sanduku kwa Jina la Nani? Barua na Miswada ya Kiswahili katika Hifadhi za Vyuo

Msafiri atokaye Kiminini kwenda Kitale, mwendo usiofika saa moja kwa gari, hukuta mjini humo jumba la makumbusho ambalo historia yake ni funzo kwa kila anayeshughulika na makaratasi ya kale. Makumbusho hayo yalianza mwaka 1926 yakiwa mkusanyo wa mtu mmoja, mlowezi Hugh Stoneham, nayo yakaitwa kwa jina lake. Aliyekusanya vitu ndiye aliyejulikana. Waliovitengeneza hawakutajwa mlangoni. Stoneham alifariki mwaka 1966, mkusanyo wake ukawa mali ya taifa, na mwaka 1974 yakafunguliwa makumbusho mapya ambayo watu wa Trans Nzoia hawayaiti tena kwa jina la mlowezi.

Katika taaluma ya Kiswahili mabadiliko ya namna hiyo hayajatimia. Miswada na barua nyingi zilizo muhimu kwa historia ya lugha hii zimewekwa katika maktaba za vyuo, na katika vyuo hivyo huitwa kwa jina la aliyezipeleka huko. Wataalamu huandika "Karatasi za Taylor", "Mkusanyo wa Hichens", "Karatasi za Dammann", kisha husonga mbele kana kwamba jambo limekwisha elezwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo halijaelezwa. Kwamba jina lililo juu ya sanduku hubadili namna yaliyomo yanavyosomwa. Na kwamba sehemu iliyodhulumiwa kuliko zote katika masanduku hayo ni barua.

Yafaa kwanza kusema neno kuhusu istilahi. Siku hizi neno nyaraka hutumika kwa maandishi yoyote ya ofisi yanayohifadhiwa, lakini waraka kwa asili yake katika Kiswahili ni barua pia, kama wajuavyo wasomaji wa mashairi ya kale, ambamo waraka hutumwa, hupokewa na hujibiwa. Kwa hiyo lugha yenyewe iliiweka barua katikati ya hifadhi kabla ya kuwapo hifadhi. Ni wataalamu walioihamisha pembeni, wakaupa utenzi kiti cha mbele.

Chukuliwe mfano wa chuo ambacho sasa ni SOAS, katika Chuo Kikuu cha London. Kilianzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya mafunzo ya lugha za Mashariki, na jina la Afrika likaongezwa mwaka 1938. Miongoni mwa yaliyofika katika maktaba yake ni makaratasi ya William Ernest Taylor, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1927. Taylor alikuwa na sikio kali. Alitambua kwamba Kimvita hutenga t ya meno na t ya ufizi, na kwamba mpumuo hutenga maana: paa la nyumba si sawa na paa wa mwituni, na kaa la moto si sawa na kaa wa baharini, ijapokuwa tahajia ya leo huyaandika maneno hayo kwa herufi zilezile. Wanafonolojia hawajaacha kumshukuru, na shukrani hizo ni haki yake.

Lakini masikio yake yalikuwa yakimsikiliza nani? Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi takriban mwaka 1840, hayakukusanywa na Taylor kwa maana ya kawaida ya neno kukusanya. Aliyeyatafuta kwa wazee, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kueleza maneno na matukio yaliyoyazaa, alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Taylor alipokea, akauliza, akaandika kwa herufi za Kilatini. Baadaye makaratasi yalimfikia William Hichens, naye akatoa diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Abdulaziz alipochapisha uchunguzi wake mkubwa juu ya Muyaka mwaka 1979, msingi wake ulikuwa makaratasi hayo pamoja na maarifa ya wazee wa Mombasa. Mnyororo huu una pete nne au tano, na pete iliyobeba uzito wote ni Sikujua. Mashairi ya Muyaka ni ya mafumbo, ya mapigano ya maneno baina ya Mombasa, Lamu na Zanzibar; pasipo maelezo ya mtu aliyekulia karibu na kizazi kile, beti nyingi zingebaki sauti tupu. Hata hivyo mwanafunzi atakayetafuta sanduku la Sikujua hatalipata. Itambidi kwanza ajue kwamba Sikujua yumo ndani ya Taylor.

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni suala la adabu tu, la kumpa mtu haki yake, na kwamba elimu haipungukiwi. Mfano wa Lamu unapinga rai hiyo.

Muhamadi bin Abubakari, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kijumwa au Kijuma, aliishi Lamu tangu takriban mwaka 1855 hadi 1945. Alikuwa mshairi, mnakili wa miswada mwenye khati ya kupendeza, mchongaji wa milango, mpiga ala na mjuzi wa ngoma za mji wake. Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu wa Ulaya waliotaka maandishi ya Kiswahili cha kaskazini walimwendea yeye: Alice Werner, aliyekuwa Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913 na baadaye akafundisha London, Hichens, na Mjerumani Ernst Dammann, aliyefika Lamu mwaka 1936 na kuchapisha mkusanyo mkubwa wa tungo za Kiamu mwaka 1940. Kijumwa aliwanakilia tenzi, akawapambia kurasa, akawatungia mwenyewe, na akawaandikia barua.

Barua hizo ndizo zinazofunua hali ya mambo. Zinaonyesha kwamba kunakili ilikuwa kazi yenye ujira na yenye maagizo, si desturi isiyo na mwenyewe ambayo mgeni aliiokota ufukweni. Utendi wa Liyongo Fumo una visa vilivyo vikongwe sana. Lakini utendi wenyewe, kwa umbo tunalolijua, ni utungo wa Kijumwa wa mwaka 1913. Msomaji asiyejua hili huweza kuchukua msamiati wake kuwa ushahidi wa Kiswahili cha karne nyingi zilizopita. Anayelijua husoma vingine: huona mshairi wa karne ya 20, mjuzi wa lugha ya kale, akiamua kwa makusudi ni neno gani la kale linafaa mahali gani. Hiyo ni tofauti kubwa kwa mtu anayeandika historia ya lugha, na haitokani na utenzi wenyewe; hutokana na makaratasi yaliyouzunguka, yaani nani aliagiza, nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani. Mohamed Abou Egl alilionyesha hili katika tasnifu yake ya mwaka 1983 huko London juu ya maisha na kazi za Kijumwa. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walihariri kitabu ambacho anwani yake inatanguliza jina la Muhamadi Kijuma, na kuyataja makaratasi ya Dammann baadaye tu kama mahali maandishi yalipopatikana. Mpangilio huo wa maneno katika anwani moja ni mageuzi madogo, lakini ni mageuzi.

Barua ina sifa mbili ambazo utenzi hauna. Ya kwanza ni tarehe. Utenzi hunakiliwa na kunakiliwa tena, kila mnakili akiacha alama yake, hata ikawa vigumu kusema umbo fulani la neno ni la mtunzi au la mnakili wa tano. Barua huandikwa mara moja, siku fulani, kutoka mji fulani kwenda kwa mtu fulani. Ndiyo sababu barua chache za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, zikiwamo za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa miongoni mwa kumbukumbu za Wareno, zina thamani ambayo haiwezi kupimwa kwa wingi wa kurasa zake.

Sifa ya pili ni kwamba barua ni nathari. Mara kwa mara hufundishwa madarasani kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya ushairi tu hadi wamisionari walipoanza kuchapa vitabu katika karne ya 19, na kwamba nathari ni mgeni aliyekuja na mtambo wa uchapaji. Kauli hii imerudiwa mno hata imekuwa kama ukweli. Lakini wafanyabiashara, makadhi, majumbe na ndugu waliotengana waliandikiana kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakadai deni, wakaomba radhi, wakapeleka salamu kwa utaratibu uliokwisha kuwa na kanuni zake. Mwaka 1892 Carl Büttner, aliyefundisha katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, alichapisha mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo, barua zikiwamo. Ushahidi basi umekuwapo katika maktaba za vyuo kwa zaidi ya miaka 130. Haukusomwa kuwa nathari kwa sababu uliwekwa chini ya kichwa cha "mazoezi ya kusoma khati" kwa maofisa waliokuwa wakijiandaa kwenda pwani.

Khati yenyewe, ni kweli, haimhurumii msomaji mvivu. Mwandishi wa zamani alikuwa na irabu tatu za Kiarabu kwa irabu tano za Kiswahili, na kwa kawaida hakuwa na herufi maalumu ya p, v, g au ch. Herufi moja ya be ilisimama badala ya b, p na mb. Maumbo yaleyale yangeweza kusomwa bibi, pembe au pepe, na maana tu ndiyo iliyoamua. Mtaalamu aliyekaa London na kuandika upya maneno hayo kwa Kilatini alikuwa akiamua neno kwa neno, na baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuchagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930, uamuzi huo ulielemea upande mmoja. Mtu wa Lamu husema nti, mato, mai na ndia, si nchi, macho, maji na njia. Akimwandikia barua mgeni aliyejifunza Kiswahili katika kitabu cha Kiunguja, huandika lipi? Hapo ndipo penye swali zuri la isimujamii, na jibu lake halimo katika chapa iliyosahihishwa bali katika karatasi yenyewe.

Afrika Mashariki nayo ilipata hifadhi yake. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani kutafuta miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na katalogi yake ya miswada na kanda ikachapwa Leiden mwaka 1970. Kazi hiyo iliokoa mengi. SOAS kwa upande wake iliorodhesha upya miswada yake ya Kiswahili mwanzoni mwa karne hii, na orodha hiyo huwataja mtunzi na mnakili wanapojulikana. Picha za kurasa nyingi zimewekwa kwenye intaneti. Hivyo mwanafunzi aliyekaa Kiminini, ambaye labda hajaiona bahari, anaweza leo kutazama kwa simu yake ukurasa ulioandikwa Lamu kwa mkono wa Kijumwa. Ataweza kuutazama, kuusoma ni jambo jingine, maana idara za Kiswahili zinazompa mwanafunzi saa za kutosha za kujifunza khati hiyo ni chache. Ni ajabu kwamba mtu huweza kupata shahada ya Kiswahili bila kuweza kusoma barua iliyoandikwa na Mswahili kabla ya ukoloni.

Wala suala hili si la pwani peke yake. Baada ya mwaka 1963 mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yaligawanywa, na watu wenye lugha mbalimbali, Wabukusu, Wasabaoti, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, wakawa majirani. Kiswahili kikawa lugha yao ya kamati. Barua ya mzazi kwa mwalimu, madai ya mpaka wa shamba kwa chifu, daftari la chama cha akina mama: haya ni maandishi ya Kiswahili ya watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, nayo yana tarehe na mahali. Mtafiti wa athari ya Lubukusu katika Kiswahili cha bara hawezi kuomba ushahidi bora kuliko huo.

Vyuo vya Kitale na Bungoma vikianza kuyapokea makaratasi ya namna hii, uamuzi wa kwanza utakuwa wa karani atakayejaza kadi. Kadi ina nafasi ya jina. Akiandika jina la mhadhiri aliyeleta mfuko, kazi itakuwa nyepesi na imekwisha. Akitaka kuandika jina la mama aliyeandika barua, itambidi kwanza aisome, aulize mji, aulize mwaka, aulize kama watoto wake wanaridhia barua ya mama yao ikae chuoni, na kama hawaridhii, airudishe.