Ratiba Inapotangulia, Mtoto Akabaki Nyuma

Wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani katika kaunti za Migori na Homa Bay aghalabu hulalamika jambo moja: kwamba muhula umefika ukingoni ilhali daftari la mtoto lingali kwenye mada ya mwezi wa kwanza. Malalamiko hayo nayathamini, kwa kuwa yanatokana na mapenzi. Walakini dawa wanayoikimbilia, nayo ni kumrundikia mtoto mada tatu kwa siku moja ili kuziba pengo, ndiyo inayolipanua pengo lenyewe.

Tukumbuke yaliyotupata mwaka 2020. Shule zote za Kenya ziliamriwa kufungwa tarehe 15 Machi, na nyumba zikageuka madarasa pasipo hiari ya wenyewe, huku maji ya Ziwa Victoria yakipanda mwaka huo huo na kuwahamisha watu wengi wa ufuoni. Masomo ya redio yalikuwapo, ila si kila nyumba ilikuwa na redio. Mnamo Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kuwa mwaka huo wa masomo umepotea; gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarejea tarehe 12 Oktoba, na waliosalia tarehe 4 Januari 2021. Serikali yenyewe, pamoja na hazina yake na walimu wake, ilibidi ifinye mihula na kukata likizo hata Januari 2023 ndipo kalenda ikarudi mahali pake. Ikiwa dola nzima ilihitaji miaka miwili kulipa deni la miezi tisa na ushei, mama wa ufuoni, wa Sori au Mbita, asijilaumu kwa kuchelewa wiki tatu.

Tena mama huyo, akiwa mchuuzi wa omena, ana kalenda nyingine, ambayo ratiba za vitabuni haziijui. Omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku kwa taa, nazo taa hufaa wakati wa giza. Mbalamwezi ikishika, mashua nyingi hupumzika. Kwa hiyo katika usiku wa giza mwanamke huamkia ufuoni kununua, kisha huanika omena juu ya nyavu hata jua likawa kali, na somo la asubuhi hufa kila siku. Ratiba yenye masomo sawasawa kwa kila wiki itavunjika kila mwezi bila shaka. Naona heri aipange kwa mwezi wa angani: wiki za giza, kusoma kwa sauti kidogo jioni, basi; wiki za mbalamwezi, hesabu na mada mpya.

Lakini kabla ya kupanga, apime. Ampe mtoto hesabu hii: 52 kutoa 27. Mtoto akiandika 35, amepunguza tarakimu ndogo katika kubwa popote alipoiona, na ni dhahiri kwamba hakukwama kwenye hesabu za sehemu anazofundishwa wiki hii. Amekwama kwenye kukopa, tangu madarasa ya chini. Hapo mama ampe sarafu tano za shilingi kumi, pamoja na sarafu mbili za shilingi moja, amwambie alipe shilingi 27 kamili. Mtoto atatoa kumi mbili, atatafuta saba, atakosa, na atalazimika kuchenji kumi moja iwe sarafu kumi za shilingi moja. Afanye hivyo mara nyingi kabla ya kushika kalamu. Shirika la Pratham la India limejenga mafunzo yake juu ya msingi huo huo, wa kumfundisha mtoto pale alipofika hasa, umri wake na darasa lake vikiwekwa kando.

Yaliyobaki yapunguzwe bila huruma. Kusoma na hesabu visiguswe; mada za kilimo na mazingira mtoto wa ziwani anazo mbele ya macho yake, mazungumzo yatatosha. Anayekabiliwa na mtihani wa gredi ya sita ana hali yake, apewe pia mazoezi ya maswali ya aina hiyo.

Na siku mtoto atakaporejea shuleni, mzazi amweleze mwalimu bayana mahali mwanawe alipofika, wala asimfunze mtoto kuficha. Kwani mwalimu mwenye darasa lililofurika hana njia nyepesi ya kutambua kwamba huyu aliyekaa dawati la nyuma anasoma vizuri, ila kukopa bado kunamshinda.