Mama mukubwa, sombe na dawa ya moyo

Ndugu zangu, hii jambo inatuhusu sisi tuliosoma, juu ya wazazi wetu walio mashambani.

Mama mukubwa wangu anaishi nyuma ya uwanja wa ndege wa Luano, kule analima mihogo na mboga. Walimpasua moyo, wakamtilia vali bandia, ile ya mashini. Alirudi na karatasi ya Kifaransa: aepuke mboga za majani. Akaniuliza: «Mwana wangu, sasa miye nitakula nini na bukari?»

Miezi mingi alikula bukari na makayabu tu. Mvua ikaanza, lengalenga ikajaa bustani, akachoka kujizuia, akala kila siku. Walipopima damu, dawa ilikuwa haina tena nguvu ya kutosha. Tulishukuru Mungu, waliona mbele ya damu kuganda kwenye vali.

Mimi nilisoma kilimo, si uganga. Lakini hapa vinakutana. Mwenye vali ya mashini anakunywa warfarini au dawa ya jamii yake, maisha yake yote, ili damu isigande. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kupinga vitamini K. Na vitamini K iko nyingi wapi? Kwenye sombe, matembele na lengalenga. Kuponda na kuchemsha sombe kunatoa sumu ya muhogo, lakini vitamini K inabaki.

Basi tuache majani? Hapana. Waganga wengi leo wanashauri: kula, lakini kwa kipimo kinachofanana kila juma. Ukiacha kwa ghafula, damu inakuwa nyepesi mno, unaweza kutoka damu. Ukiongeza kwa ghafula, inaganda. Munganga anapanga dawa kufuata chakula chako cha kawaida, kisha anaangalia kipimo kinachoitwa INR. Kwa vali nyingi kinatakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na kwa zingine juu kidogo.

Shida ya kwetu ni majira. Kuanzia Novemba hadi Aprili majani ni mengi. Kiangazi yanabaki kwa wenye kumwagilia. Kwa hiyo majira yakibadilika, mpeleke mgonjwa apime INR. Na umsaidie kuwa na bustani ndogo karibu na maji, apate kipimo kilekile mwaka mzima.

Aliyewekewa stenti tu ni mambo mengine: kwa kawaida anakunywa aspirini na klopidogreli, na sombe haigombani nazo. Uliza kwanza mgonjwa wako anakunywa dawa gani.

Mambo mengine ya shamba:

Chumvi: isipite gramu 5 kwa siku, ni kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyo ndani ya makayabu na kyube.

Mizigo: mfupa wa kifua uliokatwa unahitaji juma 6 hadi 12 kupona. Bidoni ya litre 20 ina kilo 20. Yeye asipite kilo 5. Jembe lingoje ruhusa ya munganga. Kutembea ni kuzuri: anaanza na dakika 5 au 10, anaongeza polepole.

Dawa za miti na lutuku: vinaweza kuharibu kazi ya warfarini. Asichanganye mbele ya kuuliza.

Homa isiyoisha, miguu kuvimba, kukosa pumzi, mdomo kupinda upande mmoja: ni lopitali siku ileile. Na mbele ya kung'oa jino, amwambie munganga kuwa ana vali.

Mama mukubwa sasa anakula sombe mara mbili kwa juma, bakuli lilelile. Hakuna kitu kikubwa tulichofanya: tulikaa naye, tukasoma ile karatasi kwa Kiswahili, tukarudi kumuuliza munganga. Karatasi kama ile ziko katika nyumba nyingi za kwetu. Ukienda nyumbani, omba uione.